Mchoro wa Nne

Jumanne, 2 Aprili

Sasa hivi tu Kidoti amechukua kiatu cha baba yake, akakitoa barazani, akakijaza kokoto moja moja huku ananong'ona, kisha akakirudisha chini ya kitanda palepale kilipokuwa na kuondoka na mikono nyuma kama mwalimu mkuu. Nimekimwaga. Kokoto tisa. Nane za kujaa kiganja na moja ndogo.

"Mbona unamtilia baba mawe kwenye kiatu?"

"Ili asitangulie."

"Asitangulie wapi?"

Amenitazama kama vile mimi ndiye mwenye miaka minne. Ana doa jeusi karibu na mdomo, ndiyo maana jina lake la kliniki limesahaulika na kila mtu anamwita Kidoti, na akinuna lile doa linapanda juu. Limepanda.

Hiki ni kitabu cha zamani cha oda cha pale karakana, nusu hakijaandikwa. Msimamizi alitaka kukitupa. Niliacha shule darasa la sita na sitaki herufi zinitoke, basi nitaandika humu msimu huu wa mvua hadi karakana ifungwe mwishoni mwa Mei. Nikikosea, nitajisahihisha mwenyewe.

Jumamosi, 6 Aprili

Leo mpimaji wa ardhi amerudisha hema lake lishonwe upya, pembe imepasuka. Tulipolikunjua likamwaga mchanga mweupe sakafu nzima.

Redio, mwenzangu wa cherehani ya pili (tunamwita Redio kwa sababu hazimwi), akamwambia, "Mzee, umeleta hema au umeleta pwani?"

Mpimaji akacheka. Akasema alikuwa huko mwisho wa barabara, kwenye ufuko usio na watu. Pana mawe ya kale yamesimamishwa mchangani, marefu kuliko mtu, na hakuna anayejua ni nani aliyeyasimamisha. Maji yakijaa yanayazunguka, yakipwa unatembea katikati yake kwa miguu mikavu. Unapiga hema juu kwenye nyasi, asubuhi unaamka unayatazama.

"Yako mangapi?" nikauliza.

"Manane. Nimeyapima mwenyewe, moja moja."

Akaniachia picha. Nimeitia humu kitabuni.

Miaka sita nashona mahema ya watu, na sijawahi kulala ndani ya hata moja. Nilipomwambia Redio kwamba safari hii nitaomba turubai na kuwapeleka mume wangu na mtoto, akapiga makofi. "Nenda shoga! Mwenye raha ni wewe. Mimi nikisema naenda ufukweni, mawifi zangu wanne watakuwa wameshakaa juu ya mizigo. Wewe Mungu alikupa mume mtoto wa pekee, huna wifi wa kukuchungulia sufuria."

Nikacheka naye. Lakini ukweli wangu ni kwamba na mimi nilizaliwa peke yangu, na ningefurahi hata wifi mkorofi. Hakuna mtu duniani anayeniita wifi.

Jumapili, 7 Aprili

Nimemwambia Baba Kidoti. Alikuwa anatia viraka tairi la mteja, maana yeye ni fundi baiskeli na Jumapili kwake ni neno tu. Niliposema baharini, akasema, "Vizuri." Nilipomwonyesha picha akafuta mikono, akaishika kwa pembe, akanirudishia. Halafu akachukua baiskeli yake mwenyewe, ambayo haina ubovu wowote, akaanza kuifungua.

Niandike jambo moja ambalo nimelibeba kama mzaha siku zote. Mume wangu anampenda huyu mtoto kupita kiasi. Anambeba mabegani, anamweka kwenye kile kiti alichomtengenezea mbele ya usukani, anamvalisha, anamchana nywele. Lakini hajawahi kumshika mkono. Hata kuvuka barabara, atamnyanyua kama mzigo. Kidoti akimpa mkono, yeye humpa kitu ashike: spana, ufunguo, ncha ya shati.

Nilidhani ni mafuta ya baiskeli. Leo mikono yake ilikuwa safi, nimemwona.

Labda kule ufukweni, pasipo baiskeli wala barabara, atamshika. Hilo tu ndilo ninaloliomba kwenye safari hii. Mengine ni nyongeza.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Kidoti amepanga kokoto dirishani. Tisa.

Ijumaa, 12 Aprili

Msimamizi amenipa turubai! Lile la kijani lililokataliwa kwa sababu ya rangi kutopangana. "Lakini ushone kwa utaratibu wa hapa," akasema, "hata kama ni la kwako."

Utaratibu wa hapa ni huu. Hema la familia halipimwi kwa futi. Tunatandika turubai la chini, watu wanalala juu yake wanavyolala kwao, tunawazungushia chaki, kila mtu mchoro wake, kisha tunaongeza shubiri moja pande zote. Kila mchoro unashonewa mfuko upande wa kichwa, wa kuwekea vitu vya mwenye kulala hapo. Msimamizi alifundishwa hivyo na aliyemfundisha kazi. Na chaki ikishapita haifutwi. "Mkasi unafuata chaki, kichwa chako kipumzike," ndivyo anavyotuambia kila siku. Kuna fundi aliyewahi kufuta akarekebisha kwa akili yake, na hema likawabana watu mbavu.

Jumapili, 14 Aprili

Tumepimana leo mchana. Tulitoa viti barazani, nikatandika turubai sebuleni, na mvua juu ya bati ikipiga hadi tunaongea kwa kelele. Nikalala mimi kwanza. Baba Kidoti akanizungushia chaki ya buluu, akanichora kiuno kama pipa.

"Mimi niko hivi?"

"Chaki haidanganyi, Mama Kidoti."

Nimecheka mpaka chozi. Halafu akalala yeye na Kidoti katikati yetu, na wakasinzia kweli, nikawachora wamelala. Mama mkwe wangu alitupita akielekea chumbani kwake. Nikamwambia, "Mama, njoo nawe nikupime, nafasi ipo." Akasema miguu inamuuma. Safari nzima hajaiulizia hata kwa neno moja, na si kawaida yake. Yeye huuliza hadi chumvi imetoka duka gani.

Turubai nimeliacha chini, nitakata kesho kabla ya kazi. Michoro mitatu. Imependeza, kama tumelala humo tayari.

Jumatatu, 15 Aprili

Michoro ni minne.

Nimeamka kukata, Baba Kidoti ameshaondoka. Upande wa kushoto, nje ya mchoro wake, kuna mwingine. Chaki ileile ya buluu. Ni mfupi kuliko mimi, mrefu kuliko Kidoti. Umelala chali, miguu pamoja, na mkono mmoja umenyooshwa pembeni, vidole vitano wazi, ncha zake zinaugusa mkono wa Baba Kidoti.

Nilisimama na mkasi mkononi. Kidoti akatoka chumbani na usingizi wake, akapita pembeni pembeni akiushika ukuta.

"Pita hapo katikati, mama."

"Nitamkanyaga."

Nikautazama tena, halafu nikacheka peke yangu. Si mama mkwe wangu huyu! Yeye ni mdogo wa mwili, akisimama ananifika begani. Kumbe anataka kwenda na anaona aibu kusema, amejipima mwenyewe alfajiri. Watu wazima bwana, kama watoto.

Nimekata hema la watu wanne. Mkasi unafuata chaki.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua. Nimeshona mshono wa juu kwa mara mbili. Redio anasema nitaota turubai.

Jumapili, 21 Aprili

Nimemwambia Mama tulipokuwa tunachambua mchele: "Mama, nimeona. Nafasi yako ipo, na mfuko wako nimeushona."

"Umeona nini?"

"Mchoro wako."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo. "Mimi baharini siendi, mwanangu," akasema. "Sina mchoro." Akainuka na kujifungia chumbani kwake, mchele nusu.

Mbona alisema sina mchoro kwa sauti ya mtu anayejibu polisi?

Jumapili, 28 Aprili

Mvua imepumzika saa tatu, nikalitandaza hema uani likauke. Mifuko mitatu mitupu, mfuko wa nne una mchanga. Mweupe, unyevunyevu. Nikauonja kwa ncha ya ulimi kama mjinga: chumvi.

Udongo wa uani kwetu ni mwekundu. Lakini hema la mpimaji lilimwaga mchanga karakana nzima, labda nimeubeba kwenye begi la kazi. Nimeukung'uta. Ndiyo, ni begi.

Jumanne, 30 Aprili

Mfuko wa nne. Mchanga tena. Begi la kazi nimelifua tangu juzi.

Alhamisi, 2 Mei

Leo nilikuwa na furaha yangu, na imeisha.

Nguzo zilikuja, nikamwita Baba Kidoti tulisimamishe uani kujaribu. Likasimama wima, kijani, limekaza vizuri, mshono hauna hata mkunjo. Nilitamani Msimamizi awepo. Kidoti aliingia mbio. Baba yake akainama, akaingia nyuma yake. Nikawa nje nakaza kamba.

Nikasikia Kidoti anamwonyesha: "Hapa mama. Hapa mimi. Hapa wewe. Na hapa kwake."

Mtu aliyeinama ndani ya hema hutoa sauti, turubai hulia. Halikulia.

Alipotoka uso ulikuwa kama wa mtu aliyeoshwa kwa majivu. "Nani kachora ule?"

"Nilidhani Mama."

"Hatuendi," akasema. "Lifungue."

"Baba Kidoti, nimelishona wiki tatu."

"Nimesema lifungue."

Hajawahi kunipandishia sauti tangu anioe. Na mimi nikajibu, maneno yakanitoka kabla sijayapima: "Wewe huogopi bahari. Unaogopa kumshika mkono mwanao."

Alinitazama. Nilijua nimegonga kitu, lakini sikujua ni nini, kama mtu anayegonga ukuta na kusikia uwazi ndani. Alichukua baiskeli akatoka mvuani bila koti.

Jumamosi, 4 Mei

Hakuna anayeongea nyumba hii isipokuwa bati.

Jumanne, 7 Mei

Kidoti amepanga kokoto kutoka kitanda chetu hadi mlango wa nje. Ile ndogo ndiyo iliyo karibu na mlango. Jana ilikuwa katikati.

Jumapili, 12 Mei

Nimeyajua. Naandika pole pole nisikosee.

Mama aliniita chumbani kwake baada ya chai. Alikuwa amefungua sanduku lake la bati. Juu ya kitanda ametandika gauni la mtoto la njano, la miaka saba hivi, limepauka mikunjoni.

"Nilichora mimi," akasema. "Ule mchoro. Nilikaa usiku wote nasikia mnavyocheka na kupimana, nikasema, na yeye je? Alfajiri nikachukua gauni hili, nikaliweka pale kando ya kaka yake, nikazungusha chaki. Nisamehe mwanangu. Nilitaka tu nimwone amelala na wenzake."

Kaka yake. Nilikaa chini.

Alikuwa na watoto wawili. Mume wangu mkubwa, na msichana nyuma yake kwa miaka mitatu. Marehemu baba yao alikuwa kwenye kazi ya barabara kule mwisho, wakaenda siku mbili kumtembelea, wakalala kwenye hema la kampuni, juu kwenye nyasi, mbele ya yale mawe. Mchana, maji yakijaa, watoto walikuwa wanacheza mle katikati. Akarudi mmoja.

"Tulitafuta siku tisa. Tulipata kiatu chake. Kilikuwa kimejaa kokoto."

Nikakumbuka kiatu barazani. Sikumwambia. Yule ni mama, siyo mtu wa kumwongezea.

"Mwanangu wa kiume hakula," akasema. "Kila tukimtaja mdogo wake, anatapika. Basi mimi na marehemu tukakubaliana tusimtaje. Tukahama. Watu wa huku wakajua tuna mtoto mmoja. Tulifanya hivyo ili abaki japo mmoja, unanielewa?"

Nikamwambia namwelewa. Nikamkumbatia, ni mwepesi kama nguo zilizokauka. Halafu, ili kumfurahisha tu, nikasema, "Umemchora vizuri, Mama. Hasa ule mkono alivyomnyooshea kaka yake."

Akajitoa kifuani kwangu. "Mkono gani?"

"Ule uliomfikia mume wangu."

"Mwanangu alikuwa analala mikono kifuani," akasema. "Na gauni hili halina mikono, hebu litazame. Nilizunguka mabega, nikashuka. Mkono mimi sikuchora."

Tulikwenda wote kwenye stoo, tukalikunjua hema, tukatazama. Vidole vitano. Mama aliinama akaweka kiganja chake juu yake. Hakulia. Alisema tu, "Amekua kidogo."

Jumatatu, 13 Mei

Sikwenda kazini. Nimemfunga Kidoti kitambaa chekundu mkononi ili nimwone popote uani. Nataka kulichana lile hema, na kila nikishika mkasi namfikiria Mama.

Jumamosi, 18 Mei

Naandika haraka, maandishi haya nitayasoma kesho kwa tabu.

Mchana, saa nane, mvua kubwa. Niliingia jikoni kuzima jiko. Nilipotoka mlango wa nje uko wazi, kokoto tisa zimepangwa kizingitini, na Kidoti hayupo.

Sijui nilikimbilia wapi. Nilipiga kelele majirani wakatoka na mifuko vichwani. Mama alitoka bila viatu. Mtu akampigia Baba Kidoti simu kibandani kwake, naye akapanda baiskeli akaifuata barabara kuu, ile inayotoka nje ya mji hadi kule kwenye mawe. Hakuna aliyemwambia afuate ile. Nilimuuliza baadaye, akasema hakufikiria njia nyingine.

Alimkuta mbali, amepita daraja. Mtoto wa miaka minne! Alikuwa anatembea ukingoni mwa barabara, hana haraka wala halii. Niandike alivyonieleza mwenyewe, maneno yake:

"Nilimwona kwa nyuma. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu, hivi, kama mtoto anapoongozwa na aliyemzidi kimo. Vidole vimefumba. Kile kitambaa chako chekundu kinaning'inia. Na hakuna mtu. Nikaita. Akafungua vidole kwanza, Mama Kidoti. Akafungua vidole, akatazama juu kama anayeaga, ndipo akageuka."

Alimweka kwenye kiti cha baiskeli akamrudisha. Nilimpokea nikamvua nguo, nikamfunika na blanketi. Nikamuuliza ulikuwa unakwenda wapi, mama?

"Kwenye hema letu. Nyie mnachelewa."

"Na nani?"

"Na yule wa pale kando ya baba. Anasema baba alimwambia angoje amalize kuhesabu. Amengoja."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, maji yanamchuruzika. Akakaa chini palepale, juu ya sakafu, miguu mbele kama mtoto.

Ndipo akasema. Miaka yote hii, leo. Alikuwa anahesabu yale mawe. Ulikuwa mchezo wao, anayehesabu bila kukosea ndiye mshindi. Maji yalikuwa yameanza kuingia. Mdogo wake akasema, "Kaka, nishike mkono." Akamwambia, "Ngoja nimalize." Akahesabu hadi nane. Akageuka kumwambia nimeshinda.

Mama alikuwa nyuma yake amesikia yote. Alimwekea mkono kichwani. "Ulikuwa na miaka kumi," akasema. "Ulikuwa mtoto, baba. Ulikuwa mtoto wangu."

Mimi nikasema safari imekufa, hema nitalichana leo hii, tutahama tena ikibidi.

"Hapana," akasema mume wangu. "Tukihama atatufuata, na kila siku nitakuwa namtafuta mtoto barabarani. Mkono anaoutaka si wa Kidoti, ni wangu. Heri nikampe mwenyewe."

Jumapili, 19 Mei

Jua leo, la kwanza tangu Machi. Hakuna aliyelifurahia ila Kidoti.

Jumatano, 22 Mei

Karakana imefungwa. Nimeagana na Redio. Ananiambia, "Mbona uso umekonda, shoga, mtu anakwenda kustarehe au anakwenda kufanya mtihani?" Nikamwambia kushona kumenichosha. Akanipa pakiti ya biskuti "za mtoto". Nilitaka kusema, watoto. Nikajizuia.

Mama anakuja. Nilimwambia alale pale kwenye mchoro wa nne, akakataa. "Pale pana mwenyewe. Mimi nitalala miguuni mwenu, sina urefu wa kuwasumbua."

Ijumaa, 24 Mei

Tumefunga mizigo. Kidoti amezichukua kokoto zake, nane tu. Nimemuuliza ile ndogo iko wapi. "Imeshatangulia."

Jumamosi, 25 Mei

Tumefika saa kumi. Lori la mchanga lilituacha mwisho wa barabara, tukatembea.

Ni pazuri. Nilidhani patatisha, lakini ni pazuri, na hilo ndilo linalonitisha. Nyasi fupi, chini yake mchanga mweupe, hakuna alama ya mguu, na mawe yamesimama majini hadi kiunoni kama watu wanaosubiri kuitwa. Hakuna ndege. Mawimbi yanavunjika huko nje na hapa karibu maji yanaingia bila sauti.

Mume wangu aliyahesabu kwa sauti tangu tukiwa juu. Mama alimshika shati kwa nyuma. Nane. Akapumua.

"Tisa," akasema Kidoti.

Tumepiga hema, vigingi vimeingia vizuri, limekaza. Nimeweka gauni la njano kwenye mfuko wa nne. Nilipoingiza mkono, mfuko ulikuwa mkavu na mtupu, na sijui kwa nini hilo ndilo lililonifanya nilie.

Jumapili, 26 Mei

Asubuhi, kama saa mbili. Wote wameamka salama. Nimewahesabu kabla sijafungua macho yote mawili.

Maji yamekupwa mbali sana. Mawe yote yako nje, meusi chini, meupe juu, na sasa ninaona kile alichokuwa anasema mtoto. Lipo la tisa. Liko ndani zaidi, peke yake, dogo, kimo cha mtoto wa miaka saba. Baba Kidoti amelitazama muda mrefu. "Halikuwepo," amesema. Labda lilikuwa chini ya maji jana. Labda mchanga ulilifunika miaka yote, na mpimaji alikuja maji yakiwa juu. Nimemwambia hivyo. Amesema, "Labda," halafu amevua viatu.

Nimekaa mlangoni mwa hema, kitabu magotini. Ninawaona wote watatu. Mama amekaa kwenye mchanga, miguu ameinyoosha. Kidoti ameinua mkono wake, kama alivyouinua mara elfu, na baba yake ameutazama. Hana spana leo. Hana ufunguo.

Ameushika.

Ameushika, vidole vyote! Wanakwenda kwenye mawe mkono kwa mkono, yeye amepinda kidogo upande kwa sababu mtoto ni mfupi. Nilitaka kuliona hili tu. Nimeliona, na nimeliandika lisije likanitoroka.

Wamelifikia lile dogo. Mume wangu anaongea nalo. Upepo unaelekea huko, simsikii. Sasa amenyoosha mkono wake wa pili pembeni, chini kidogo, kiganja wazi, na amesimama hivyo, anangoja. Mama amejifunika uso kwa kanga. Muda unapita. Hakuna kinachotokea. Mkono umebaki wazi. Ningetaka kumwambia usichoke, naye alingoja.

Kuna kitu kimegusa turubai nyuma yangu, kwa ndani, upande wa mfuko wa nne. Limelia kama linavyolia mtu akiinuka. Mama yuko pale. Kidoti yuko pale, kitambaa chekundu nakiona. Ndani hamna mtu, nimetoka mimi wa mwisho.

Sijageuka. Mkono wangu unaandika tu. Ni sauti ya mtoto wa kike, ndogo, ya usingizini, imesema, "Wifi." Imesema tena, karibu na bega langu, kama anayeona haya kuomba: "Wifi, kule ni mbali. Nishike mkono unipeleke."

Naogopa, naandika ukweli, naogopa sana. Lakini mtoto akikuita, hata awe wa nani, huwezi kumwambia ngoja nimalize